Friza ya Mzee Lebo

Baba yangu alipika katika jiko la hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyedhurika kwa chakula chake. Alilisema jambo hilo bila majivuno, kama mtu anayekutajia kimo chake. Wenzake walimwita Mzee Lebo, maana jikoni mwake hakikuwamo chombo kilichokosa kipande cha plasta nyeupe chenye jina la kitu kilichomo na tarehe. Hata kopo la chumvi lilikuwa na yake. Mama alikuwa akimtania kwamba iko siku ataamka akute amebandikwa plasta usoni: "Mke. Tumia mapema." Baba alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anausikia utani huo.

Mama alitutoka mwaka ule ule baba alipostaafu. Baba alikaa peke yake miezi mitatu, akakonda mpaka mkanda ukaongezewa tundu. Mume wangu ndiye aliyeniambia, "Mlete mzee hapa. Mtu aliyelisha watu wengi vile hawezi kujipikia sahani moja."

Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Akitoka leo, kumwona tena ni baada ya wiki tatu. Mimi nashona kiwandani, kitengo cha mashati, kazi yangu ni kola. Gari la kiwanda hutupitia kabla jua halijachomoza na kuturudisha giza likiingia. Tuna binti wawili. Wakati huo mkubwa alikuwa na miaka kumi na mdogo minne, na nikisema kweli, siku nne kati ya saba walikula mkate na chai, nami nikajifanya sioni.

Baba akaja na sanduku la nguo, godoro lake, na friza aliyoinunua kwa kiinua mgongo. Friza nyeupe, ya kufunguliwa juu, ndefu kiasi kwamba mtoto angeweza kulala ndani. Wabebaji walihema. Mmoja akamuuliza, "Mzee, unafungua bucha?"

"Nafungua jiko," baba akasema. "Isogezeni kidogo kutoka ukutani, ipumue."

Kuanzia wiki ile Jumapili ikawa siku ya kupika. Jumamosi jioni baba huloweka maharage kilo tatu. Asubuhi anamwaga maji yale, anayachemsha kwa maji mapya kwa moto mkali, na huku sufuria ya pili ina nyama ya kusaga, na ya tatu mchuzi wa kuku. Nyanya alinunua jioni sokoni, wakati wauzaji wanataka kufunga, zile zilizolainika ambazo hakuna anayezitaka. Alizipika zote pamoja na vitunguu, akapata rojo zito ambalo lilikuwa mama wa michuzi yote ya wiki. "Gesi inayopika kwa siku moja ndiyo inayopika kwa siku sita," aliniambia, "tofauti ni mgongo wa mpishi tu."

Nilidhani kazi inaishia chakula kinapoiva. Kwa baba ndipo ilipoanzia. Sufuria iliwekwa ndani ya beseni la maji baridi, akasimama anakoroga hadi mvuke ukome. Kisha akagawa kwenye vibakuli vifupi, kwa sababu chakula kingi kikirundikana katikati hubaki na joto, na joto hilo la uvuguvugu ndilo linalolea vijidudu. Saa mbili tangu kushuka motoni hazikupita kabla hakijaingia kwenye baridi. Hakujaza chombo hadi mdomoni. Aliacha nafasi ya kidole, maana maji yakiganda hutanuka na kupasua kifuniko. Nyama aliitia kwenye mifuko, akailaza na kuipapasa iwe bapa kama daftari. Halafu plasta, kalamu nzito, na mwandiko wake wa herufi kubwa: MAHARAGE. WATU 4. Na tarehe.

Kuyeyusha nako kulikuwa na adabu yake. Cha kuliwa kesho kilitolewa leo, kikawekwa kwenye friji, rafu ya chini kabisa, juu ya sinia ili majimaji yasidondokee vingine. Si mezani, si dirishani, si juani. Kikishayeyuka hakirudi tena kuganda. Na kikipashwa, kipashwe mpaka kichemke katikati, si kingo tu. Nikirudi jioni nimechoka hoi, nakuta wali umeiva, mchuzi unatokota, na binti yangu mdogo amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa akisubiri kulamba kijiko. Baba akamwita Kijiko. Jina likamganda, hata shuleni walimjua hivyo.

Miaka miwili tulikula vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Wanangu walinenepa mashavu. Kiwandani wenzangu walinichungulia bakuli la mchana wakasema nimeajiri mpishi.

Mabadiliko yalipoanza sikuyaona, au niliyaona nikayapa jina jingine. Siku moja nilitoa kibakuli kidogo cha maharage, plasta imeandikwa: WODI YA WATOTO. WATU 40. Nikacheka. Nikamwonyesha, naye akakitazama, akacheka pia, lakini alichelewa kidogo kucheka. Baada ya wiki kadhaa nikakuta kingine: SUPU. BILA CHUMVI. KITANDA 9. Hicho sikumwonyesha. Nilibandua plasta nikaandika upya, nikajiambia ni mazoea ya kazi, mtu hatoki hospitalini kwa siku moja.

Kisha nikarudi jioni moja nikakuta mfuko wa nyama ya kusaga umewekwa dirishani, umetota, inzi wanauzunguka. Baba alikuwa amekasirika kweli. "Nani ameuweka hapa? Nimesema mara ngapi katika nyumba hii?" Akamnyooshea kidole binti yangu mkubwa. Mtoto akaapa kwamba hakugusa. Mimi nikachagua wa kumwamini. Baba hajawahi kukosea kwenye chakula, nikasema, na wewe una mambo mengi kichwani, omba radhi. Akaomba, machozi yakimtiririka, kwa kosa ambalo hakulitenda. Nimeshamwomba msamaha kwa hilo, tena zaidi ya mara moja.

Ijumaa moja mwalimu wa Kijiko, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, alinipigia simu kiwandani. Mtoto alikula mchana nyumbani, akarudi darasani, akaanza kutapika. Nilipofika zahanati alikuwa amelazwa, midomo imekauka, dripu mkononi. Muuguzi aliniuliza alikula nini.

"Mchuzi wa kuku. Lakini chakula cha kwetu ni salama. Baba yangu ni mpishi wa hospitali."

Muuguzi aliandika tu. "Aliyekula naye ni nani?"

Hakuna. Dada yake alikuwa shule, na babu yake, nilikuja kujua baadaye, alikunywa chai akasahau kula.

Siku ya pili homa ilikuwa juu na mtoto hakunitambua vizuri. Siku ya tatu alifungua macho akaomba maji. Nilikwenda nyumbani mara moja kumchukulia nguo, na nikiwa pale nikafungua friza.

Pembeni kabisa baba alikuwa na kikombe chake cha bati. Ni ujanja wa jiko la hospitali: unajaza kikombe maji, yakiganda unaweka sarafu juu ya barafu. Umeme ukikatika nawe hupo, barafu ikayeyuka kisha ikaganda tena, sarafu utaikuta imezama. Kwa miaka yote ile sarafu ilikuwa juu. Siku ile nilikiinua kikombe nikaiona chini kabisa, chini ya barafu safi, kama kitu kilichodondoka kisimani.

Nikamwita binti yangu mkubwa, nikamuuliza kama umeme ulikatika. Aliinamisha kichwa.

"Haukukatika, mama. Jumanne babu alichomoa waya wa friza, akachomeka redio. Jumatano nilipotoka shule nikaona, nikamwambia. Akasema hakuna neno, akauchomeka tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema ni mimi," akasema.

Nikatoka na kikombe mkononi.

Baba alikuwa ameketi sebuleni, mikono mapajani. Tangu mtoto alazwe alikuwa akiuliza kila saa kama joto limeshuka. Nilikuwa nimeamua kumdanganya. Nikasema, "Baba, inaonekana umeme ulikatika Jumanne. Friza iliyeyuka."

Akasimama, akaja, akakitazama kikombe kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Ulikatika?"

Yule mtoto hakuwahi kumdanganya babu yake. Akasema hapana, na akaeleza. Baba alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kama alivyokuwa akimsikiliza daktari wa zamu. Akauliza swali moja tu: mchuzi ule ulichemka au ulipata moto kidogo? Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe hakukumbuka kuupasha.

"Basi leteni jembe," akasema.

Alichimba shimo nyuma ya nyumba, kina cha mkono mzima. Nilijaribu kumpokea jembe, akakataa. Kisha akaanza kutoa chakula kutoka kwenye friza, kibakuli baada ya kibakuli, na kila kimoja alisoma plasta yake kabla ya kukikung'uta shimoni. Maharage, watu wanne. Rojo la nyanya. Nyama ya kusaga. Njegere. Plasta nyingine zilikuwa zimeandikwa wodi na vitanda, na hizo alizisoma kwa sauti ile ile, akaendelea. Chakula cha wiki tatu kilikuwa mle. Jirani yetu, mama muuza mkaa, alisimama kwenye ua wake, akashindwa kujizuia. "Mzee, mbona mnafukia chakula na sisi tupo? Si mngetupa?"

"Ningekupa, mama," baba akasema, "kama ningekuwa nakuchukia."

Yule mama alicheka. Baba alifukia, akashindilia udongo kwa miguu. Akaenda kunawa, akavua aproni, akaniletea kalamu na rola la plasta. "Kuanzia leo andika wewe. Na uyeyushe wewe. Mimi nitachambua maharage."

"Baba, ni kosa moja tu."

"Moja ndilo lililonifikia," akasema. "Sijui mangapi yamenipita."

Kijiko alitoka zahanati akiwa mwembamba, lakini mzima. Mimi nikampeleka baba kwa daktari, naye akatueleza ugonjwa ambao jina lake nilikuwa nimelisikia kwa watu wengine. Alisema hauna dawa, hupunguzwa kasi tu, na si sana. Baba alimshukuru. Njiani kurudi aliniuliza mara mbili tumetoka wapi.

Nikajifunza kupika Jumapili kwa mikono yangu, yeye akiwa kwenye kigoda anachambua. Mwaka wa kwanza bado alikuwa mwalimu wangu. Nikisahau beseni la maji baridi, ananikumbusha kwa kukohoa. Nikiweka nyama mbichi juu ya chakula kilichopikwa, anasema, "Hiyo ishushe, itawalilia wenzake." Lakini aliniita mama mara nyingine, na mara nyingine sista, kama walivyoitwa wauguzi. Ikifika adhuhuri alishikwa na wasiwasi. "Sista, wagonjwa wameshakula?" Mwanzoni nilimweleza kwamba yuko nyumbani, kwamba hakuna wagonjwa. Alisononeka. Baadaye nikawa namjibu, "Wameshakula wote, mzee," naye anatulia.

Mwaka wa pili jirani alisikia harufu ya gesi, akamkuta baba jikoni na sufuria kubwa juu ya jiko, gesi imefunguliwa, moto haujawashwa. Mume wangu aliporudi safari alipiga komeo kwenye mlango wa jikoni, juu kabisa, mahali baba asipofikia. Nilimshikia misumari.

Nikiwa kazini, mama muuza mkaa alimwangalia kwa malipo kidogo. Aliniambia baba husimama mbele ya mlango ule, anabisha polepole, anasema, "Hodi jikoni." Akikosa jibu hungoja. Hakupiga kelele wala kuusukuma. Alikuwa mtu wa hodi maisha yake yote.

Kuna asubuhi moja ninayoirudia. Nilikuwa nimevaa, gari la kiwanda linapiga honi barabarani. Baba alitoka chumbani amevaa shati safi, vifungo vyote mahali pake, macho yake angavu kabisa. Aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Nifungulie jiko. Nataka kuwapikia watoto mchuzi. Ukae tu unitazame, kama unaogopa."

"Nimechelewa, baba. Jumapili tutapika wote."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

Akahesabu kwa vidole. "Ni mbali," akasema.

Nikambusu paji la uso nikakimbilia gari. Ilipofika Jumapili nilimfungulia jiko, nikamvalisha aproni, nikampa mwiko. Akautazama kama kitu cha mtu mwingine, akanirudishia kwa heshima.

Mwisho hakutaka chakula kigumu. Nilimtengenezea supu nyepesi, nikaigandisha kwenye vikombe vidogo vya kutosha mara moja, nikawa nashusha kimoja kimoja kwenye friji kila jioni. Alimeza vijiko vitatu, baadaye viwili. Alifariki alasiri ya Jumamosi, madirisha yakiwa wazi, mimi na binti yangu mkubwa tukiwa pande mbili za kitanda. Mume wangu alikuwa barabarani, safari ya siku mbili. Aliendesha bila kulala, akafika wakati watu wanarudi kutoka makaburini. Alipita katikati ya waombolezaji bila kusalimia, akachukua nyundo, akaling'oa lile komeo. Ndipo akakaa chini akalia.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeketi na Kijiko chumbani kwa babu yake, tunakunja nguo za kugawa. Ametimiza miaka minane sasa.

"Mama, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Nisingeumwa siku ile, babu angeendelea kupika?"

Nikaacha kukunja. Miaka miwili mtoto huyu alikuwa amebeba swali hilo, na mimi nimelala naye kitanda kimoja. Nikamwambia hapana. Nikamwambia babu alianza kuumwa kabla yake, ugonjwa wa kichwani, na kwamba yeye hakumfanyia babu kosa lolote.

Akafikiri. "Sasa mbona alikuwa ananiomba msamaha?"

"Lini?"

"Kila nikitoka shule. Jina langu alikuwa halijui. Ananishika mkono, anasema, nisamehe, mama, nimekukosea."

Mimi nilikuwa kiwandani saa hizo. Sikuwa najua. Nilimuuliza alikuwa akimjibu nini.

"Nilimwambia, hujanikosea kitu, babu. Nilikuwa najua kwamba ni kwa sababu ya kuku. Lakini nilimwambia hivyo."

"Naye?"

"Anafurahi. Halafu kesho yake anauliza tena."

Alichukua shati jingine, akalilaza kitandani, akalainisha kola kwa kiganja kama nilivyomfundisha, akaanza kulikunja.